Aliyechota Chini

Maji matupu hayapandishi mstari. Mahfoudha alilijua hilo tangu siku alipofundishwa kuitumia ile mashine, ndiyo maana asubuhi ile, alipoona mstari ukipanda kwenye kioo cha kompyuta, alidhani ameosha kikombe vibaya.

Alikiosha tena. Akakifuta, akatia maji safi, akakirudisha mahali pake na kubonyeza. Sindano ya kioo ilishuka taratibu ikazama ndani ya kikombe, ikakaribia kitako, kisha ikaanza kupanda. Ilipanda kidogo, ikasimama, ikapima, ikapanda tena. Na mstari nao ukapanda.

Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kidogo cha dawa kule Changamwe, nyuma ya maghala, mahali ambapo kutwa nzima unasikia makontena yakiteremshwa. Kiwanda kilijaza vichupa vya dawa ya sumu ya nyoka. Dawa yenyewe, kimiminika kizito kilichotokana na damu ya farasi, ililetwa kutoka ng'ambo ikiwa barafu. Hapa iliyeyushwa kwenye pipa la chuma, ikakorogwa, ikapimwa, ikatiwa vichupani. Kazi ya Mahfoudha ilikuwa kupima ukolezi, yaani kujua dawa imekolea kiasi gani.

Mashine za zamani zilitaka dawa nzito kama ile iongezwe maji kwanza ndipo mwanga uweze kupenya, na kila unapoongeza maji unakaribisha makosa. Hii mpya haikutaka maji. Ilibadilisha urefu wa njia ya mwanga ndani ya dawa: njia fupi, halafu ndefu kidogo, halafu ndefu zaidi. Dawa ikiwa imekolea, mwanga humezwa upesi na mstari husimama kama ngazi. Ikiwa hafifu, mstari huinama. Maji matupu hayamezi kitu, na mstari wake hulala kama mtu aliyelazwa mkekani.

Asubuhi ile maji yalikuwa yakimeza mwanga.

"Labda taa yake imechoka," alisema Lynnette, mwenzake wa maabara, msichana wa Kakamega aliyekuja pwani kwa ajili ya kazi ile. "Tuite fundi." Kisha akakunja pua. "Aki, Mahfoudha, unasikia hiyo harufu? Ni kama mayai yameoza."

Mahfoudha aliisikia. Chumba kile hakikuwa na dirisha, na hewa yake ilichujwa kabla ya kuingia, hata mtu akipika samaki nje mlangoni husikii kitu. Lakini harufu ilikuwamo, nzito, ya tope la pwani na chumvi. Lynnette hakuijua. Mahfoudha, aliyezaliwa na kukulia Kisauni, aliijua vizuri. Ilikuwa harufu ya makumbi ya nazi yaliyozikwa ufukweni miezi na miezi, yakafukuliwa ili yapondwe kupata nyuzi za kusokotea kamba.

Kabla hajasema neno, meneja wao, Justus, aliingia simu mkononi.

"Hospitali moja ya Likoni wanalalamika," alisema. "Kuna mama wa Mtongwe aliumwa na nyoka, moma. Wamemtilia dawa yetu kwenye dripu, kichupa baada ya kichupa, na mguu ukazidi kufura. Ameshazikwa. Wanauliza kama dawa ina kasoro." Alimtazama Mahfoudha, akaondoa macho haraka. "Nimewaambia alichelewa kufikishwa. Moma ni moma."

"Aliumwa akifanya nini?" aliuliza Mahfoudha.

"Sijui. Wanasema alikuwa msokota kamba. Alikuwa akiinua makumbi."

Mahfoudha alishika ukingo wa meza.

Justus alipotoka, akili ya Mahfoudha ilirudi kwenye siku ile ambayo tangu ipite alikuwa akiizunguka kama mtu anayezunguka shimo. Kikorogeo cha pipa kilikuwa kimeharibika. Dawa iliyoyeyuka bila kukorogwa hujitenga: nzito huzama chini, hafifu huelea juu. Alichota juu, akapima, mstari ukainama vibaya. Alimwendea Justus. Justus alimwambia kipuri kitachukua wiki kadhaa, na lori linangoja, na hospitali za mashambani hazina hata kichupa kimoja.

"Watu wanakufa huko bila dawa, Mahfoudha," alisema. "Mimi si mpimaji. Wewe ndiye unayejua pa kuchota."

Hakusema zaidi ya hapo. Mahfoudha alirudi, akatumbukiza mrija mpaka ukagusa kitako cha pipa, akachota chini. Mstari ulisimama vizuri, akaupitisha. Alijua kwamba vichupa vya kwanza kujazwa, vya chini ya pipa, vitakuwa na nguvu kupita kiasi, na vya mwisho vitakuwa kama maji. Alijua, na jioni ile alikwenda nyumbani akala wali wa nazi na mamake, akalala.

Fundi alikuja, akafungua mashine, akabadilisha taa, akasema haina ugonjwa. Kesho yake maji yakapandisha mstari mkali zaidi.

Siku hiyo Lynnette alikuwa ameomba ruhusa, na Mahfoudha alikuwa peke yake maabara, saa ya adhuhuri, wakati wafanyakazi wengine wako nje wakila. Alisikia kishindo. Po. Kikanyamaza. Po. Alidhani ni kontena. Po, po, po, kishindo kikafuatana, kikavu, cha kijiti kikipiga juu ya jiwe, kama mwanamke aliyekaa chini amenyoosha miguu anaponda makumbi bila haraka, na alipogeuka kutafuta kinatoka wapi alikisikia kikitoka ndani ya mashine. Akaizima. Kishindo hakikuzimika, kilihama kikaja kwenye kikombe, na yale maji, ambayo hayakuwa hata kijiko kimoja, yakaanza kutetemeka duara ndani ya duara, na ile harufu ikamjia puani na kinywani mpaka akahisi ladha ya tope kwenye ulimi, akataka kukimbia na miguu ikakataa, akataka kusoma Ayatul Kursiy na kila akianza maneno yakamponyoka, na sindano ya kioo, katika mashine aliyoizima kwa mkono wake mwenyewe, ikaanza kushuka, ikazama, ikafika kitako cha kikombe, ikakaa pale chini, chini kabisa, ikagonga mara moja, kama kidole kinachoonyesha mahali.

Alipiga kelele. Walipokuja walimkuta ameketi sakafuni amenyoosha miguu, na mkono wake wa kulia ukipigapiga hewani.

Justus alimpa likizo. "Umechoka," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Pumzika. Na usiwaze mambo yaliyopita."

Nyumbani Kisauni mamake alimpokea mlangoni, akamshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga, akimtazama machoni.

"Una nini, mwanangu? Mato yako si yako."

"Nimechoka tu, mama."

"Kuchoka nakujua mimi." Mama alimwachia kidevu. "Huku si kuchoka."

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Mahfoudha alianza kukataa chai ya maziwa aliyoipenda tangu utotoni, akitaka kahawa chungu. Alfajiri moja mamake alimkuta barazani ameichambua kamba ya kuanikia nguo ikawa nyuzi nyuzi, kisha ameanza kuisokota upya juu ya paja lake, mbio mbio, kwa ufundi ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyepata kumfundisha. Ngozi ya paja ilikuwa imechubuka. Alikuwa akiimba kwa Kidigo, na Kidigo hakukijua.

"Mahfoudha!" mama aliita kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. "Mahfoudha, ni mimi mamako."

Binti aliinua uso, akamtazama mamake kwa upole, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba.

Siku hiyo hiyo wakavuka feri kwenda Likoni. Mama alikuwa amesikia habari za Bi Mwanarehema wa mtaa wa Shika Adabu, mtu mzima aliyewaagua watu wenye majini kwa miaka mingi, na aliyesifiwa kwa jambo moja: hakuwa na maneno mengi.

Bi Mwanarehema aliwapokea chumbani mwake, pazia limeteremshwa ingawa jua la mchana lilikuwa limewaka nje. Aliwaketisha mkekani. Hakuuliza kitu. Alitia ubani na udi kwenye chetezo, akamfunika Mahfoudha shuka jeupe, akamzungushia moshi kichwani huku akisoma. Kwa muda mrefu hapakuwa na chochote ila moshi. Kisha Mahfoudha akaanza kuhema, mabega yakapanda na kushuka, na shuka likaanza kutikisika mbele na nyuma.

"Asalaam aleikum," alisema Bi Mwanarehema.

"Waaleikum salaam warahmatullah." Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya utu uzima, tulivu. Mama alijiziba mdomo kwa ncha ya buibui.

"Karibu. Una jina?"

"Ninalo, na silisemi mbele ya watu."

"Umemwingia binti huyu kwa nini? Amekukanyaga? Amekumwagia maji ya moto?"

"Sikuja kwa ubaya," ilisema sauti. "Nilikuwa na kiti changu. Mejumaa wa Mtongwe. Nimemkalia tangu ni mwari, nimekaa naye akiolewa, akizaa, akizika. Ijumaa akinifukizia ubani, nami nikimlinda. Nyoka alipomuuma mimi nilikuwapo. Nikamwambia usiogope, hospitali ipo, dawa ipo. Nikamtuliza moyo." Sauti ikashuka. "Nikamdanganya bila kujua. Walimtilia maji."

"Nani aliyetia maji?"

"Hapana aliyetia. Huyu alichota chini, akaacha ya juu iwaendee watu. Muulizeni."

Bi Mwanarehema alivuta shuka. Mahfoudha alikuwa amelowa jasho, macho yamefumbuka, na yalikuwa yake.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "anayoyasema yana ukweli?"

Angeweza kukana. Jini angeitwa mwongo, na mama angeamini, kwa sababu mama alitaka kuamini. Mahfoudha aliuona mlango huo uko wazi mbele yake. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kilio.

"Kweli, mama. Nilijua. Nilijua siku ile ile."

Mama hakumpiga wala hakumkumbatia. Alikaa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Mtoe, Bi Mwanarehema," mama alisema mwishowe. "Makosa ni makosa, lakini mtoe. Chochote utakachotaka nitaleta."

Bi Mwanarehema alitikisa kichwa.

"Jini aliyemwonea mtu namtoa. Namsomea, namkemea, anatoka akitaka asitake. Huyu hakuonea. Nitamkemea kwa lipi?" Akamgeukia tena Mahfoudha, akamfukiza. "Ewe bwana. Wataka nini?"

Jibu lilikuja upesi. "Viko vichupa vingine kama kile, viko mahospitalini, na watu wanavitegemea. Avirudishe. Kisha aende Mtongwe akaseme. Aseme kwa kinywa chake, si changu."

"Akifanya hayo, utamwacha?"

Moshi ulizunguka chumbani. Shuka lilitulia. Bi Mwanarehema aliuliza tena, akauliza mara ya tatu, na hakujibiwa.

Kesho yake Mahfoudha alirudi Changamwe. Alimweleza Lynnette kila kitu, wamesimama kwenye ujia wa nyuma, na Lynnette akatumbua macho.

"Na mimi nilikuwa hapo nikipanga hivyo vichupa," alisema Lynnette. "Nilikuwa nikiviimbia, Mungu wangu." Alijipangusa machozi kwa mkono wa koti jeupe. "Haya, twende tupime."

Walichukua vichupa vya akiba vilivyowekwa kutoka mwisho wa ujazaji wa pipa lile, wakavipima kimoja kimoja bila kuficha. Sindano ilishuka, ikapanda. Mstari ulikuwa umelala, umelala kiasi kwamba Lynnette aligeuza uso. Wakawapigia simu wakaguzi wa dawa wa serikali.

Justus hakupiga kelele. Aliposikia aliketi kwenye kiti chake, akalegeza tai.

"Mimi sikukuambia uchote chini," alisema.

"Hukuniambia," alijibu Mahfoudha. "Nilichota mwenyewe."

Aliyasema hayo hayo mbele ya wakaguzi, hakupunguza wala hakumsukumia mtu. Mashine ya kujaza ilifungwa utepe. Magari yalitumwa Likoni, Kwale, Kilifi na mpaka bara, na vichupa vya pipa lile vikakusanywa hospitali kwa hospitali. Katika zahanati moja muuguzi alikuwa amekwisha kuvunja kifuniko na sindano iko mkononi, mgonjwa yuko kitandani, wakamletea dawa nyingine. Mgonjwa huyo alipona. Mahfoudha aliambiwa habari hiyo na Lynnette kwa simu, akaenda chooni akajifungia akalia, na hakujua analia kwa furaha au kwa yule ambaye hakupata gari la kumkimbilia.

Kazi aliipoteza, na kesi ilikuwa njiani. Lakini kishindo kilinyamaza na harufu ikamwacha. Alirudia chai ya maziwa. Mama alianza kumsemesha tena, kwanza mambo ya chumvi na mkaa, kisha mengine.

"Bado Mtongwe," mama alimkumbusha.

"Ninajua, mama."

"Nikusindikize?"

"Alisema kwa kinywa changu."

Akaenda siku ya pili yake, baada ya sala ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, karibu na mikoko, na kila mtu aliyemuuliza njia alimwelekeza bila kusita, maana Mejumaa alijulikana. Uani palikuwa na rundo la makumbi makavu ambayo hakuna aliyeyagusa. Mwanamume wa makamo alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, mikono magotini, hafanyi lolote.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo. Wewe ndiye Bwana Faki, mumewe Mejumaa?"

"Marahaba. Ndimi. Kaa, mama."

Alimletea mkeka. Mahfoudha aliketi, na maneno aliyoyapanga njia nzima yakamtoka yakiwa mafupi. Alieleza pipa, kikorogeo kilichoharibika, mrija, chini na juu. Faki alisikiliza akitazama makumbi.

"Dawa aliyopewa mke wangu ilikuwa ya juu au ya chini?" aliuliza.

"Ya juu."

"Iliyokuwa maji."

"Iliyokaribia kuwa maji."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Faki aliitika kwa kichwa, polepole, mara nyingi. "Alikuwa akiniambia, Faki, usilie, dawa imeshaingia, naisikia. Mpaka mwisho aliniambia anaisikia." Alipangusa uso kwa kiganja. "Umefanya vizuri kuja. Lakini usiniombe msamaha leo. Leo sina."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kusema."

Kuku walichakura. Mahfoudha aliona kifua chake kimekuwa chepesi kidogo, na aibu ya wepesi ule ikamrudisha chini. Alijiandaa kuaga.

Ndipo sauti ya kikongwe ikaita kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Mejumaa! We Mejumaa!"

Faki aliinama karibu. "Mamake marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Hainuki kitandani. Tumemwambia, analia, kisha anasahau. Usijali, atanyamaza."

"Mejumaa!"

"Abee, mama."

Faki aliinua kichwa. Mahfoudha naye aliinua kichwa, akitafuta ni nani aliyejibu, kwa sababu sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, nzito kidogo, yenye mkwaruzo wa moshi na lafudhi ya Mtongwe. Kisha akahisi midomo yake bado iko wazi.

Alitaka kusema samahani. Alitaka kumwambia Faki si mimi, wallahi si mimi, lakini miguu ilikuwa imeshasimama, na mkono wake ukachukua leso iliyoanikwa ukutani ukajifunga kiunoni, fundo upande wa kushoto, na Faki alipoliona fundo lile la mkewe alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, mkono ameunyoosha mbele, hajui kama anamzuia au anampokea. Mahfoudha alivua viatu. Aliinamisha kichwa kupita chini ya boriti ambayo hajapata kuiona, akakata kulia gizani bila kupapasa, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Kikongwe alimshika mkono, akaupapasa vidole vyote.

"Umekawia, mwanangu," alisema. "Sasa hutakwenda tena?"

Mahfoudha alimkumbuka yule bwana ambaye hakujibu kama atamwacha, akabana meno kwa nguvu zake zote.

"Siendi popote, mama," kinywa chake kikajibu.